Aanze na miaka 4, 6 au asubiri mpaka 8? Ulinganisho kwa mzazi anayetaka kumpeleka mtoto karate, taekwondo au judo

Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka karate akiwa na miaka 4 na kidogo. Mpaka leo picha yake ninayo kichwani, kasimama mstari wa nyuma kabisa, gi, ile sare nyeupe ya karate, imemmeza mpaka vidole havionekani, sensei, yani mwalimu, anahesabu kwa Kijapani ichi, ni, san, wenzake wanapiga ngumi mbele na sauti juu, yeye katia ncha ya mkanda mdomoni anaitafuna taratibu huku anamfuatilia sisimizi anayekatiza sakafuni. Dakika kama ya 15 hivi akageuka akaita, ukumbi mzima ukasikia, "mama kojo!" Sasa ule mkanda nilikuwa nimemfunga mwenyewe kwa kufuata video, fundo limekaza kama la gunia la mkaa, mpaka nakuja kulifungua mambo yalishaharibika zamani. Tulienda wiki 6 tukaacha, na ada ya miezi 3 nilishalipa.

Wa pili nikasubiri mpaka 7. Nae ana hadithi yake, nitafika huko.

Nikikaa na wazazi wenzangu, iwe getini shuleni au kwenye benchi tukisubiri watoto wamalize, swali ni lile lile: mwanangu ana miaka 4, ana miaka 5, anaruka mpaka makochi yanalia, nimpeleke sasa hivi au bado mdogo? Mmoja atakwambia samaki mkunje angali mbichi, mwingine atasema muache mtoto acheze utoto wake, na wote wana hoja. Ila mi nimeona tunakwama kwa sababu tunahesabu miaka ya mtoto tu, hatuulizi hilo darasa linamtaka afanye nini. Mtoto yule yule anaweza kuwa tayari kabisa kwa darasa moja na asiwe tayari hata kidogo kwa lingine la mtaa wa pili, na yote mawili yameandikwa karate mlangoni.

Vitu nitakavyopimia

Kusikiliza. Hapa siongelei adabu, naongelea uwezo wa kusikia neno, kulishika kichwani na kuuzuia mwili usifanye kitu kingine. Nyumbani unapima hivi, mwambie "nenda chumbani, chukua kandambili za baba, zipange mlangoni, halafu uje unipe tano". Akirudi na kandambili moja na mdoli ujue bado. Au kimbizaneni uani halafu ghafla unasema "ganda", akiweza kusimama kama sanamu kila mara basi huyo anaweza pia kusubiri zamu yake kwenye mstari, maana kazi ni ile ile.

Mwili. Asimame mguu mmoja huku unahesabu mpaka 10, kisha mguu wa pili. Wengi wanaliweza hili wakifika miaka 5 hivi, kabla ya hapo wanayumba na wala sio uzembe. Teke lolote duniani ni kusimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo ambaye hajafika hapo atakuwa anaanguka tu na kujiona hawezi.

Moyo. Anaachika na mtu mwingine nusu saa bila kilio? Akishindwa mchezo anajitupa chini? Akisukumwa kwa bahati mbaya anafanyaje? Na choo jamani, choo ni kigezo kamili, mi ni shahidi.

Mgusano. Yani darasa lina kupigana au halina, na kama lipo linaanza lini na anapangwa na nani.

Hela na muda. Ada, gi, mitihani ya mikanda, nauli za wawili maana mdogo haendi peke yake, na hiyo saa mnaitoa wapi kati ya madrasa, tuisheni na homuweki.

Kuanza na miaka 4 mpaka 5

Kusikiliza: dakika chache za kitu kimoja, baada ya hapo kichwa kimehama. Kwa hiyo darasa zuri la umri huu halifanani na karate kabisa, ukichungulia dirishani utadhani chekechea waliovaa nyeupe, wanatambaa kama mamba, wanaruka kichurachura, wanakimbia wakisikia filimbi wanaganda, ngumi na teke vimechomekwa humo humo katikati ya mchezo. Nusu saa, ikizidi sana dakika 40. Ukikuta watoto wa miaka 4 wamepangwa pamoja na wa miaka 10 kwa saa nzima wanarudia ngumi ile ile, hapo hata mtoto awe mtulivu vipi atatafuna mkanda.

Mwili: kukimbia, kuruka na kubinjuka anaweza, na anafaidika kweli, kwa sababu kujua kuanguka na kujizungusha ni kitu cha maisha hata asipovaa mkanda mwingine tena. Ambacho hawezi ni ufundi wenyewe. Kushoto na kulia bado anachanganya, teke la pembeni analipiga kama anafukuza kuku. Usimrekebishe sana.

Moyo: hapa watoto wanatofautiana kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuna wa miaka 4 anaingia ukumbini hamuagi hata mama yake, na kuna wa miaka 5 na nusu anang'ang'ania dera lako mpaka mnarudi nyumbani.

Mgusano: usiwepo kabisa. Sio wa kupigana, sio wa "gusa gusa kidogo tu". Kama mwalimu ana sparingi, yani mazoezi ya kupigana wawili wawili, ya watoto wa miaka 5, wewe chukua kandambili zenu muondoke.

Hela: ni rahisi kama utakuwa mjanja. Gi sio lazima, bukta na fulana vinatosha miezi ya kwanza, na lipa mwezi kwa mwezi, au hata kwa siku kama wanakubali. Mimi nililipa miezi 3 kwa sababu kulikuwa na punguzo, sasa sijui nilimpunguzia nani.

Unamfaa nani: mtoto anayeipita ile michezo ya nyumbani kirahisi, mwenye darasa la rika lake karibu na nyumbani, na mzazi ambaye hatanuna mtoto akiacha baada ya mwezi. Kama lengo lako ni kumpunguzia nguvu tu, rede, kombolela na kuogelea vinafanya kazi hiyo hiyo na huna ada ya mwezi.

Kuanza na miaka 6 mpaka 7

Umri huu mtoto yupo darasa la kwanza, keshazoea mtu mzima asiye mzazi wake kusimama mbele na kuongea, keshazoea foleni, keshajua kuomba ruhusa ya kutoka. Nusu ya kazi ya sensei imeshafanywa na mwalimu wa shule. Madaktari wa watoto wa Marekani, wale wa American Academy of Pediatrics, nao wanaeleza kwamba watoto wengi wanakuwa tayari kwa michezo ya timu iliyopangwa kuanzia miaka 6 hivi, na nikiangalia wangu naona wako sahihi.

Kusikiliza: saa moja inawezekana, ila sio saa moja ya kitu kimoja. Anaweza kujifunza mfululizo mfupi wa hatua, kata ya kwanza, na akaukumbuka wiki ijayo, na hapo ndo utamuona anaanza kujisikia fahari ya kweli, sio ile ya kuvaa gi.

Mwili: mizani ipo, anafuata ngumi na mguu kwa pamoja. Meno ya mbele ndo yanang'oka miaka hii kwa hiyo suala la kinga ya meno lipo hata kwa mazoezi ya wawili wawili. Na mifupa bado inakua kwenye ncha zake, sehemu laini kabisa, ndo maana pushapu za ngumi kwenye sementi na kuvunja mbao sio vya mtoto, hata kama video inapendeza.

Moyo na mgusano naviweka pamoja kwa sababu ya wa pili wangu. Huyu alipita kila kipimo, anaganda, anasimama mguu mmoja mpaka unachoka kuhesabu, anaachika bila neno. Mwezi wa kwanza safi, nyumbani anampigia kuku salamu ya karate. Mwezi wa pili mwalimu akaamua leo tupigane kidogo, watoto walikuwa wachache akampanga na mvulana wa miaka 10, teke moja la tumbo, sio kali hata, lakini pumzi ikakata na ile hofu ya kukosa pumzi mtoto hakuwahi kuijua. Wiki 2 kila siku ya mazoezi tumbo linamuuma. Nikaenda kuongea na mwalimu akaniambia "mama, hii ndo karate". Nikamshukuru, nikahamisha mtoto. Darasa jipya wanagusana kwa mkono wazi begani tu, anayegusa anainama anashukuru, na miezi 2 baadae akawa yule yule wa mwanzo. Kwa hiyo mtoto alikuwa tayari siku zote, darasa ndo halikuwa la kwake.

Na sio maneno ya mama mwenye huruma. Hao hao madaktari wa Marekani mwaka 2016 walitoa ripoti juu ya watoto na michezo ya kupigana, wakasema mashindano ya kugusana yasubiri mpaka mtoto akomae mwili na akili na awe ameshika ufundi bila kugusana kwanza, na wakatahadharisha kwamba kinga laini ya kichwa haijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo. Mwalimu akikwambia "usiogope wanavaa helmeti" hajajibu swali lako.

Hela: hapa gi inaingia na mitihani ya mikanda inaanza. Nunua kubwa ukunje mikono, mwaka unaisha hajaimaliza. Mtumba nao upo ukiwa na subira, ya wangu nilimpatia soko la Karume, ina maandishi ya Kijapani mgongoni na mpaka leo hatujui anatembea kaandikwa nini.

Unamfaa nani: watoto wengi wa kawaida kwa kweli, pamoja na mwenye aibu kidogo, ilimradi darasa lisiwe la kupigana.

Kusubiri mpaka 8 au zaidi

Faida kubwa ni kwamba mwenyewe anasema ninataka au sitaki, na akisema anataka karate anajua karate ni kitu gani. Anasikia maelezo, anauliza kwa nini, anarekebisha mguu bila kushikwa. Kitu ambacho wa miaka 5 anakichukua miezi 6 huyu anakichukua wiki chache, ndo maana sijawahi kuelewa wazazi wanaoogopa kwamba "amechelewa". Amechelewa wapi, basi linaondoka saa ngapi?

Mwili uko vizuri, mgusano mwepesi unaweza kuanza taratibu chini ya mwalimu anayejua kupanga watu kwa uzito na uzoefu badala ya kwa nani amekuja leo.

Ila ina ubaya wake na mara nyingi wazazi hatuuoni. Mtoto wa miaka 9 anajua kuona aibu. Akiingia mkanda mweupe akakuta wa miaka 6 wana mkanda wa njano wanamuelekeza, wengine hawarudi kesho. Halafu muda, huyu ana darasa la nne mbele yake na mtihani wa taifa, tuisheni mpaka jioni, na Jumamosi ndo siku pekee ya kupumua. Na kama alishakuwa mwoga wa kuanguka, kumfundisha kuanguka kunachukua muda kuliko mdogo anayejirusha mwenyewe bila kufikiri.

Unamfaa nani: mtoto aliyekataa alipokuwa mdogo, mtoto anayetaka kupigana kweli kweli na mashindano, na familia ambayo hela ya mwezi ni ya kuhesabu, kwa sababu kila shilingi hapa inanunua zaidi.

Sasa aina gani

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kwa umri huu mwalimu ana uzito kuliko jina la mchezo, ila tofauti zipo.

Karate ilitoka Okinawa, Gichin Funakoshi akaipeleka Tokyo mwaka 1922, na kwa mtoto faida yake ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi anafanya peke yake hewani: hatua, ngumi, kata. Mtoto asiyependa kuguswa anaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kumgusa. Ubaya wake ni kurudia rudia, wa miaka 4 anachoka.

Taekwondo ni ya Korea, kwenye Olimpiki imekuwa mchezo rasmi tangu Sydney 2000, na Kenya ilimpeleka Faith Ogallo Tokyo. Mateke, kuruka, kupiga pedi zinazolia paa, watoto wenye nguvu nyingi wanaipenda sana. Jiangalie kwenye mashindano tu, teke la kichwa linalipa pointi nyingi kuliko la mwili, kwa hiyo mtoto anayefundishwa kushinda atafundishwa kupiga kichwa. Na kuhusu mkanda mweusi, kwa Wakorea wenyewe wa chini ya miaka 15 anapewa poom, mkanda nusu mwekundu nusu mweusi, dan kamili, yani daraja la mkanda mweusi wenyewe, inasubiri umri. Anayekuahidi mkanda mweusi kwa mtoto wa miaka 7 anakuuzia kitambaa.

Judo aliianzisha Jigoro Kano mwaka 1882. Hakuna ngumi wala teke, ni kushikana, kuangusha na kubana chini, na kitu cha kwanza kabisa kufundishwa ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Kwa mtoto anayepanda miti huo ufundi peke yake una thamani ya ada. Ila ni mgusano tangu siku ya kwanza, jasho la mwenzio usoni kwako, na lazima pawe na mikeka ya kweli, sio zulia juu ya sementi. Zanzibar judo ina mizizi, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka ameifundisha hapo tangu miaka ya 1990, na Tanzania tulikuwa na Andrew Mlugu kwenye judo ya Paris 2024. Na Japani kwenyewe, mwaka 2022 chama chao cha judo kilifuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja ya watoto wa shule ya msingi, sababu walimu na wazazi walizidi kutaka ushindi. Wenye mchezo wao wamesema hivyo, sisi wa benchi tunaopiga kelele "mpige huyo!" tujitafakari.

Kabla hujalipa

Nenda ukakae darasa zima bila mtoto, kisha siku nyingine na mtoto akiwa mtazamaji tu. Angalia mtoto aliye dhaifu kuliko wote mle ndani, usimwangalie bingwa. Anafanyiwaje? Akikosea anaelekezwa au anachekwa? Hesabu watoto wangapi kwa mwalimu mmoja. Mkeka upo? Na muulize mwalimu swali moja, "sparingi wanaanza lini na wanapangwaje", halafu nyamaza. Jibu refu lenye umri na uzito ndani yake ni dalili nzuri. Mwalimu anayekataza mzazi kukaa na kuangalia, kwangu mimi mazungumzo yameishia hapo.

Ukiwa kwenye hali hii

Ana miaka 4 au 5, anaganda, anaachika, na kuna darasa la rika lake: mpeleke, lipa kwa mwezi, usinunue gi.

Ana miaka 4 au 5 na darasa lililopo ni la mchanganyiko na wakubwa: subiri mwaka mmoja, cheza nae nyumbani michezo ya kuganda na kubinjuka kwenye godoro.

Ana miaka 6 au 7 na ni mpole, anaonewa shuleni: karate isiyo na mgusano au judo yenye mwalimu mtaratibu, ila usimwambie anaenda kujifunza kumpiga fulani, atakwenda shule na kazi hiyo kichwani. Na suala la kuonewa lipeleke kwa mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo, lisisubiri mkanda.

Ana miaka 6 au 7 na ndo yeye anayepiga wenzie: mpeleke, lakini muambie mwalimu ukweli mapema, na michezo ya kata na kuanguka ianze, kupigana kukae mbali.

Ana kifafa, pumu, tatizo la moyo au aliwahi kuumia kichwa: daktari kwanza kisha mwalimu, umri wowote.

Hela ni moja na watoto ni wawili: mkubwa atangulie, mdogo anajifunza sebuleni bure, utake usitake.

Alianza akaacha: mwache. Wa kwanza wangu, yule wa sisimizi, alikaa miaka bila kuitaja karate, akafika 9 akaniambia mwenyewe anataka kurudi kwa sababu rafiki yake anaenda. Sasa hivi mkanda anafunga kwa mikono yake, hataki nimguse, na kabla hajaufunga anaenda chooni kwanza.